Nilivyojifunza Kulia Kama Sungura

Ijumaa moja mwezi uliopita umeme ulikatika bloku letu tangu magharibi, na kufika saa nne usiku hakuna aliyekuwa na chaji ya simu wala hamu ya kusoma. Tukatoka kukaa ngazini. Maneno yakazunguka kama kawaida: boom limechelewa, nani ana sapu, nani kaachwa na nani. Mwisho mwenzangu wa chumba akanigeukia. "Wewe si ulikaa Marekani karibu mwaka mzima? Umetuletea pipi na sweta moja la kofia. Huna hata hadithi?"

Sikumjibu. Nililamba mgongo wa mkono wangu karibu na kidole gumba, nikaubana kwa midomo, nikavuta hewa kidogo kidogo. Hapo inatoka sauti nyembamba, kama panya aliyebanwa na mlango. Nikafanya mara tano sita, nikanyamaza. Nikarudia, chini zaidi. Wenzangu walikuwa wanacheka mpaka mmoja akasema, "Jamani, tazameni." Kwenye kona ya tangi la maji alikuwa amesimama yule paka wa kantini, wa rangi ya chungwa mwenye sikio lililochanika, shingo kainyoosha. Nyuma yake mwingine. Wa tatu akaja kutoka upande wa jalala, tumbo linagusa chini, anatembea kama chui wa kwenye televisheni. Wakafika hatua tatu kutoka tulipokaa, wakatutazama kama watu walioitwa ofisini wakakuta mlango umefungwa.

Kelele zilizofuata zilimwamsha matroni. Kuna aliyesema mimi mchawi, kuna aliyetaka nimfundishe palepale, na kuna aliyesema lazima niandike kwenye gazeti letu. Basi nimeandika. Ila niliyowasimulia usiku ule ilikuwa nusu ya kuchekesha tu, na nusu ya pili sikuwa nimeisema kwa mtu.

Mimi nasoma wanyamapori. Mwaka jana nilipata nafasi ya mabadilishano, nikapelekwa chuo kimoja cha jimbo la Kansas, katikati kabisa ya Marekani, Agosti hadi Mei. Ilipofika Desemba hosteli zikafungwa, na sisi wageni tusio na pa kwenda tukagawiwa kwa familia zilizojitolea kutupokea. Mimi nikaangukia kwa mzee na mkewe wanaofuga ng'ombe wa nyama, wale weusi wa Angus, kwenye vilima vinavyoitwa Flint Hills.

Jina hilo maana yake ni vilima vya jiwe la gumegume. Zebulon Pike, mpelelezi wa jeshi la Marekani, aliandika jina hilo alipopita huko mwaka 1806. Jiwe liko karibu sana na uso wa ardhi kiasi kwamba plau haikuweza kuingia, kwa hiyo wakati nyika nyingine zote zililimwa mahindi na ngano, hapa majani marefu yalibaki. Nilipoviona mara ya kwanza, majani yamekauka rangi ya simba, upepo unayalaza na kuyainua, nilikumbuka kwetu Singida wakati wa kiangazi, ukiondoa majabali na watu. Watu ndio hawapo kabisa. Jirani wa karibu anafikiwa kwa gari.

Mzee alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama vile tumesoma naye darasa moja. Mtu ana miaka sabini na moja! Ulimi ulikataa. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake ni Mzee, akaniuliza maana yake, nikamweleza, akasema sawa, hilo analipenda. Mkewe nilimwita Mama tangu siku ya pili na hakuuliza maana.

Usiku wa kwanza mezani Mzee akaniuliza nasoma nini hasa. Nikasema nasoma jinsi wafugaji wanavyoweza kuishi na wanyama wakali. Akaweka uma chini. "Wewe upande wako ni upi, wa wafugaji au wa wanyama?"

Hilo swali nalijua. Bibi yangu huniuliza kila likizo, kwa namna yake. Nilipokuwa darasa la sita fisi waliingia zizini kwake, wakaua mbuzi wanne usiku mmoja. Wawili hawakuliwa hata robo. Mmoja kati ya hao wanne ndiye aliyekuwa auzwe kwa ajili ya sare zangu na madaftari. Tangu niliposema nimechaguliwa kusoma wanyamapori, Bibi akisikia fisi usiku haniambii fisi wamepita. Anasema, "Mjukuu wangu, wanyama wako wamepita jana."

Nilimsimulia Mzee habari ya mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainuka, akafungua droo ya jikoni, akarudi na vitu vitatu akaviweka mbele yangu kwenye kitambaa cha meza. "Sina fisi," akasema. "Nina kayoti. Kesho utaanza kujifunza kuwaita."

Kayoti ni ndugu wa mbwa, umbo lake kati ya mbweha wetu na mbwa mwitu, kijivu chenye wekundu, mkia ananing'iniza. Wamarekani wamempiga risasi, wamemtega na kumwekea sumu kwa zaidi ya miaka mia, na yeye jibu lake limekuwa kuenea. Zamani alikuwa wa nyika za magharibi, leo yuko Alaska, yuko New York, ameshuka mpaka Panama. Kansas hana msimu wa kulindwa wala idadi. Mwenye leseni ya kuwinda anaruhusiwa mwaka mzima. Mzee alisema babu yake aliwaua, baba yake akawaua, yeye anawaua, na kila asubuhi anaona nyayo zao bwawani. Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Na namna ya kuwaua ni kuwaita. Unakaa mahali, unatoa sauti ya mnyama mdogo anayekufa, yeye anakuja kula. Kuna mashine siku hizi, spika yenye rimoti na sauti mia kidogo, na Mzee alikuwa nayo nyuma ya pikapu. Haipendi. Alisema mashine inalia vilevile kila mara, na kayoti aliyeisikia mara moja akaponea chupuchupu hairudii tena. Mdomo hauwezi kurudia kitu kilekile hata ukitaka.

Vile vitu vitatu vilikuwa filimbi, ila usifikirie filimbi ya refa. Ya kwanza ulimi wake umefichwa ndani ya bomba. Unapuliza tu, sauti inatoka, karibu huwezi kukosea, lakini ni sauti moja basi. Ya pili ulimi wake, kipande chembamba cha plastiki, uko wazi juu, na wewe unaubana kwa midomo au meno. Ukisogeza meno milimita mbili tu, sungura anageuka ndama. Ya tatu ni kidude bapa cha mpira mwembamba, umbo la kwato la farasi, unakibandika kwenye paa la mdomo. Hicho nilikijaribu mara tatu na mara zote tatu nilikaribia kutapika. Tusikizungumzie.

Mama alikataa mazoezi yasifanyike ndani ya nyumba, na alikuwa na haki. Tukahamia ghalani kwenye marobota ya nyasi. Sauti yangu ya kwanza ilikuwa kama honi ya bodaboda iliyoingia maji. Mbwa wa Mzee alinyanyuka akatoka nje. Mzee alinifundisha kusukuma hewa kutoka tumboni na siyo mashavuni, kutia mkoromo wa koo ndani yake, kufungua na kufunga kiganja mbele ya bomba ili sauti ilie "waa, waa" badala ya kulia "piii". Siku tatu nilipuliza. Midomo ikapasuka, na siku ya tatu nilikuwa natoa sauti zote zinazotakiwa kwa mpangilio unaotakiwa. Mzee akatikisa kichwa. "Unapiga muziki. Sungura hapigi muziki."

Sikumwelewa mpaka tarehe 27 Desemba. Jioni ile nilikuwa nje nasaidia kubeba kuni, na paka mmoja wa ghalani akakamata sungura nyuma ya marobota. Sijawahi kusikia sauti ile kabla. Wengi wetu tunadhani sungura ni bubu. Alilia kwa sekunde kumi hivi, na ilikuwa sauti ya kichanga, kichanga kabisa, wa kwetu, aliyedondoka. Niliacha kuni zikaanguka. Kilichonishika hakikuwa ukali wa sauti. Alikuwa anaishiwa pumzi. Analia mara mbili kwa nguvu, anakatika, anakusanya hewa, analia nusu, anakatika. Ile mikato ndiyo iliyokuwa inaniumiza, maana katika kila mkato unatamani iwe imekwisha na haijaisha.

Asubuhi yake nikachukua filimbi ya ulimi wazi na kulia vile nilivyosikia. Sikufikiria meno wala kiganja. Mzee alikuwa anashona lijamu ya farasi, akaacha sindano hewani. "Hapo," akasema. Hakuongeza kitu.

Mwanzoni mwa Januari akanichukua. Mimi bunduki sikugusa. Sheria ya Marekani inambana mwenye viza ya mwanafunzi, na hata isingembana nisingetaka. Kazi yangu ilikuwa sauti. Ndani ya pikapu alinieleza kwamba mchezo huu umesambazwa na ndugu wawili wa Texas, Murry na Winston Burnham wa mji wa Marble Falls, waliokuwa wakiuza filimbi zao kwa posta kuanzia miaka ya 1950, na kwamba baba yao alikuwa akiita mbweha kwa mdomo mtupu. Alieleza hayo kwa heshima, kama mtu wa kwetu anavyotaja wazee wa ngoma.

Nikadhani tukifika tutapuliza na watakuja. Kumbe filimbi ndiyo sehemu ndogo. Gari linaachwa nyuma ya kilima, mlango haubamizwi, unausukuma kwa nyonga polepole. Hutembei juu ya mgongo wa kilima, utaonekana kama mnara. Unakaa chini, jua nyuma yako, na upepo unaupima kwanza kabla ya kitu chochote, kwa sababu kayoti haamini masikio. Anasikia sauti, anakuja, lakini kabla hajafika anazunguka ili aje kutoka upande upepo unakoelekea, aithibitishe kwa pua. Kwa hiyo Mzee alikaa upande huo na bunduki, mimi nikakaa juu kidogo, kama mita thelathini kutoka kwake. Tulikubaliana: nikimwona mnyama upande wangu nibusu mgongo wa mkono mara mbili, ile sauti ya panya.

Baridi ilikuwa nyuzi kumi chini ya sifuri. Filimbi nililala nayo kifuani ndani ya shati, maana mate yanaganda kwenye ulimi na ghafla sungura wako anakuwa bubu katikati ya kufa. Nikapuliza nusu dakika, taratibu kwanza, isije ikawa yuko karibu nikamtisha. Halafu kunyamaza.

Wenzangu, hapo ndipo mtihani ulipo. Unanyamaza dakika mbili, tatu. Hugeuzi shingo. Pua inavuja, huifuti. Kila kitu ndani yako kinakwambia upulize tena, hawajasikia, uko mbali. Mzee alikuwa ameniambia kwamba mwanafunzi anashindwa kwa kupuliza mno: ukilia mfululizo unampa mwenzako muda wa kuupima uongo wako, ukinyamaza anaumalizia mwenyewe. Dakika ishirini, tunainuka, tunahama kilima. Siku ya kwanza tulikaa sehemu nne, tukaona kunguru.

Jioni tukirudi alifanya kitu kingine. Alisimama uani akatoa pembe yenye ulimi mkubwa, akaita mlio wao wenyewe, mrefu, unaopanda na kuvunjika. Hakuwa anawinda, alitaka tu kujua wako wapi. Zikaja sauti kutoka pande tatu, nikahesabu kama kumi na tano. Mzee akacheka, akasema labda ni sita. Wawili wakiamua wanaweza kusikika kama kundi. Nilimkumbuka Bibi, ambaye akisikia fisi anainua kidole watu wanyamaze, halafu anasema wako wangapi na wanaelekea wapi, na mimi na elimu yangu sijawahi kumuuliza anajuaje.

Darasani nilikuwa nimesoma habari ya kuita. Mwaka 1998 Joseph Ogutu na Holly Dublin walichapisha utafiti wa Maasai Mara: unapiga sauti kwenye spika, simba na fisi wanakuja, na kwa waliokuja unakadiria waliopo. Nilijibia swali la mtihani nalo. Katika kichwa changu lilikuwa jambo la spika na hesabu. Sikuwahi kujiuliza yule fisi akifika kwenye gari la watafiti akakuta hakuna kitu, anakuwa na sura gani.

Sura hiyo niliiona Jumamosi ya pili. Alitokea mbali kwenye majani, nukta ya kijivu, na nikadhani ni jiwe mpaka jiwe likaanza kukimbia. Anakuja moja kwa moja kwangu, masikio yamesimama, mdomo wazi kidogo. Sijui niseme vipi. Alikuja kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kilomita nzima ya majani, na hakuna kilichomleta isipokuwa pumzi yangu. Alipoanza kuzunguka upande wa Mzee nilisikia mlio mmoja, akakaa chini kama aliyechoka, akalala.

Tulimpima, kilo 14. Dume. Ngozi haina bei siku hizi, Mzee alisema, lakini alimchuna hata hivyo. Nilimshikia miguu. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Usiku nilipolala ndipo ilipogeuka, nikawa nasikia kile kilio kwa sauti yangu mwenyewe.

Muhula ukaanza, nikawa nakwenda mwisho wa wiki. Mwishoni mwa Februari ng'ombe walikuwa wameanza kuzaa, na huo ndio wakati Mzee halali. Ndama akidondoka usiku kwenye baridi, mama yake akiwa mtamba asiyejua kazi, kayoti wanakaa pembeni wanasubiri. Jumamosi alasiri tukaenda kilima cha juu ya bwawa. Nikapima upepo mwenyewe safari hii. Nikalia, nikanyamaza. Nikalia tena.

Katikati ya kilio cha tatu nikamwona. Alikuwa ameshafika, kushoto kwangu chini ya ukingo, hatua ishirini tu, mahali ambapo bega la kilima lilimficha kabisa kwa Mzee. Mdogo, mwembamba wa uso, nadhani jike. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni mwake. Alikuwa hatazami kama mnyama anayewinda, alikuwa anatazama kama anayetafuta mtu: hapa ndipo palipolia, sasa yuko wapi? Nilichotakiwa kufanya ni kubusu mkono mara mbili. Mzee angesogea mita tano.

Filimbi ilikuwa bado mdomoni. Niliacha kupuliza. Tukatazamana muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Halafu akainua pua, upepo ukazunguka kidogo, akaondoka bila hata kukimbia.

Tulipoinuka Mzee akauliza, "Umeona kitu?"

"Hapana."

Ikatoka kirahisi ajabu. Miezi miwili nilikuwa nafundishwa na mtu yule namna ya kudanganya kwa mdomo, ananilisha, ananipa soksi zake za sufu, na uongo wa kwanza nilioupuliza bila kasoro nikampulizia yeye.

Alfajiri ya Jumapili Mama alinigongea mlango. Kuna ndama ameliwa bwawani.

Tulikwenda kwa miguu. Mzee hakusema kitu njiani. Ndama alikuwa amelala ubavu karibu na barafu, sehemu ya nyuma na tumbo vimeliwa, nyayo pande zote. Ng'ombe mama alikuwa amesimama mbali kidogo, analia, ile sauti ya chini ya ng'ombe anayeita mtoto. Mimi nikawaona mbuzi wanne wa Bibi. Nikaiona sare yangu. Miguu ikaisha nguvu na nikasema palepale, kwa Kiingereza kilichovurugika, kwamba jana nilimwona, alikuwa hatua ishirini, sikukuashiria.

Mzee alikuwa amepiga magoti, anafungua kisu. Alisikia, najua alisikia, lakini hakugeuka. Akashika mguu wa mbele wa ndama, akanionyesha kwato. Ndama akizaliwa kwato zake huwa zimefunikwa na kitu laini, cha manjano, kama ufizi, ili asimchane mama yake; akisimama na kutembea kidogo tu kinasuguka. Kwa huyu kilikuwa kizima. Akachana ngozi ya shingo, akaibandua, akatafuta kwa vidole damu iliyovilia. Mnyama akiumwa akiwa hai, damu inavilia chini ya ngozi mahali pa meno. Hapakuwa na kitu, nyama safi. Mwisho akakata kipande cha pafu, akavunja barafu kwa kisigino, akakitupa majini. Pafu lililowahi kuvuta hewa linaelea. Hili lilizama kama jiwe.

"Alizaliwa amekufa," akasema. "Hakuua. Amekula tu."

Nilikaa chini kwenye majani ya baridi. Yeye akasafisha kisu kwenye suruali, taratibu, pande zote mbili.

"Jana nilijua," akasema. "Ulikatisha kilio katikati. Hakuna sungura anayekatisha hivyo. Ungeniambia tu kwamba hutaki, ningekurudisha nyumbani tukanywa kahawa."

Nikasema samahani. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniuliza, na hakuuliza kwa ukali, alikuwa anataka kujua kweli: "Na pafu lingeelea, ungesemaje?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikiosha vyombo au nikisubiri mhadhara uanze, swali hilo linarudi, na kila mara najibu tofauti. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe, na Mama aliniambia kwa simu kwamba alirudi na wawili. Sikuuliza kama mmoja alikuwa mwembamba wa uso. Mimi niliendelea kwenda mwisho wa wiki, nikasaidia ndama, nikajifunza kuvuta ndama aliyekwama kwa kamba. Kuita tuliacha bila kusema tumeacha. Siku ya kuondoka alinipa ile filimbi ya ulimi wazi imefungwa kwenye karatasi ya mkate.

Juni nilikwenda kumsalimia Bibi. Usiku wa pili fisi akalia upande wa mto, ule mlio unaoanza chini na kupinda juu mwishoni. Bibi akainua kidole, tukanyamaza. "Ni mmoja," akasema. "Mnyama wako." Nikamwonyesha filimbi, nikamweleza ilikotoka na inavyofanya kazi. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa taa.

"Kwa hiyo unaweza kumwita huyu akaja?"

"Naweza, Bibi. Nikilia kama mwanambuzi."

"Basi mwite. Mjomba wako yumo ndani, ana upinde."

Nilimwambia kuua fisi bila kibali ni kesi, sheria ya wanyamapori haimjui mjomba. Ni kweli, lakini haikuwa sababu, na Bibi ana macho. Akanirudishia filimbi. "Wewe mwenyewe bado hujajua uko upande gani," akasema, akaenda kulala. Kesho yake mimi na binamu zangu tulikata miiba tangu asubuhi hadi saa tisa, tukalizungushia zizi safu ya pili, na tukaziba pale chini ambapo fisi wa mwaka ule walipitia. Mikono yangu ilichanika kuliko midomo ilivyopasuka Kansas.

Sasa filimbi iko kwenye kabati chumbani. Tangu Ijumaa ile watu wanakuja kugonga mlango, "tuitie paka basi," na mimi kwa ujinga nimekubali mara kadhaa. Wawili wameshaacha kuja. Ndivyo inavyokuwa, mnyama akiitwa mara kwa mara bila kukuta kitu anazoea. Yule wa rangi ya chungwa bado anakuja, anasimama kwenye kona ya tangi la maji na sikio lake lililochanika, anasubiri. Jana nilishuka nikampelekea vichwa vya dagaa kwenye gazeti, bila kumwita.